Utumishi kwa Wote: Ni Nani Atakayeupima?

Nembo ya polisi nchini Kenya imebeba maneno matatu ya Kiswahili: Utumishi kwa Wote. Sisi tunaoisoma lugha hii tunajua kwamba utumishi umetokana na kitenzi kutumika, kama vile upishi ulivyotokana na kupika. Mtumishi, kwa hivyo, ni mtu aliyetumwa. Na aliyetumwa hana budi kurudi kwa aliyemtuma na kutoa hesabu: nilipewa hiki, nikafanya hiki, kimebaki hiki. Makala haya yanauliza iwapo hesabu ya kazi ya polisi hutolewa kwa wale wanaoigharimia, na ikiwa hutolewa, iwapo hupimwa kwa kipimo kinachofaa. Mifano yetu inatoka katika mji wa Mariakani na katika Kaunti ya Kilifi kwa jumla, hadi upande wa Malindi.

Mariakani si mji mkubwa, lakini unafaa sana kwa mtihani huu. Upo kiasi cha kilomita 35 kutoka Mombasa, kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi, karibu na mpaka wa Kilifi na Kwale. Wagiriama, Waduruma na Wakamba wameishi hapo kwa ujirani wa miaka mingi. Kuna kambi ya jeshi, kuna mahakama, kuna kituo cha reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017, na zaidi ya yote kuna mizani ya malori inayojulikana na kila dereva wa masafa marefu kutoka Mombasa hadi Kampala, Kigali na Goma. Msafiri apitaye hapo haoni uhaba wa askari. Hapana shaka kwamba kazi inafanyika. Swali linalozuka ni hili: je, kazi hiyo inazaa matunda gani, na ni nani anayeilipia?

Kwa kawaida jibu la swali hilo hutolewa kwa takwimu za shughuli. Tunaambiwa washukiwa kadhaa wamekamatwa, magari kadhaa yamesimamishwa, lita kadhaa za pombe haramu zimemwagwa. Mikataba ya utendakazi, iliyoingizwa katika utumishi wa umma wa Kenya mwaka 2004, ilizidisha mazoea haya ya kuhesabu. Kuhesabu si kosa. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba shughuli na matokeo ni mambo mawili tofauti. Mkulima hapimwi kwa idadi ya mara alizoinua jembe, bali kwa magunia aliyovuna. Tatizo la polisi ni kwamba mavuno yao mema ni jambo lisilotokea: wizi usiofanyika, mzee asiyeuawa, ajali isiyogharimu roho. Kanuni zinazohusishwa na Robert Peel, aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829, zinasema jambo hilo hilo: ufanisi wa polisi hudhihirika kwa kutokuwepo kwa uhalifu, wala si kwa wingi wa pilikapilika za kupambana nao.

Tuanze na mizani yenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari inaruhusu ekseli moja yenye magurudumu manne ibebe tani 10, na lori zima lisizidi tani 56. Kiwango hiki hakikuwekwa kwa kuwaonea wenye malori. Majaribio ya wahandisi wa Marekani yaliyofanywa katika jimbo la Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayaongezeki sambamba na uzito, bali hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Kwa hesabu hiyo, ekseli yenye tani 12 badala ya 10 huiumiza barabara zaidi ya mara mbili. Na ekseli iliyobeba uzito maradufu huiumiza kiasi cha mara 16.

Sasa tuufikirie mchezo mzima kwa macho ya mhasibu. Tuseme lori moja lililozidisha uzito limepita mizani yoyote ile kwa sababu noti chache zimebadilisha mikono. Aliyetoa amelipa kidogo, aliyepokea amepata kidogo, na katika daftari la siku hakuna tukio lolote lililoandikwa. Lakini lami imepokea pigo ambalo malori mawili halali yasingelilitoa. Upanuzi wa barabara ya Mombasa hadi Mariakani umetegemea mikopo, ukiwemo ule wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mikopo hulipwa na wananchi, akiwemo yule mama auzaye machungwa kando ya barabara ambaye hana hata baiskeli. Hiyo ndiyo gharama ya kazi ya polisi isiyoonekana katika bajeti ya polisi.

Hongo hizi si uzushi wa wapiga domo. Katika tathmini za hongo za Afrika Mashariki zilizofanywa na shirika la Transparency International, polisi wa Kenya wametajwa mara kwa mara miongoni mwa taasisi zinazoongoza. Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi, ilipowahakiki askari wa trafiki katika miaka ya 2015 na 2016, ilichunguza taarifa zao za M-Pesa, na baadhi yao wakashindwa kueleza pesa walizopokea na kutuma zisizolingana na mishahara yao. Mwananchi anayetoa "chai" hiyo amelipa kodi mara mbili: mara ya kwanza kwa serikali ili alindwe, na mara ya pili kwa aliyetumwa kumlinda. Mwenye matatu naye hafidii hasara yake mfukoni. Huiongeza katika nauli.

Kutoka katika barabara tuingie katika jambo zito zaidi. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kaunti hii hii ya Kilifi, upande wa Malindi, ufa ulionekana mapema na haukuzibwa. Mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa mwaka 2017, akakamatwa tena mwaka 2019, na mwezi Machi mwaka 2023 akatiwa mbaroni kwa mara nyingine kisha akaachiliwa kwa dhamana. Kuanzia Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili iliyopatikana ikapita 400. Hatia ya mtu yeyote ni juu ya mahakama kuamua, wala makala haya hayana haja ya kuitangulia. Hoja yetu ni ya kipimo. Katika jedwali linalohesabu watu waliokamatwa, matukio hayo matatu ni mafanikio matatu. Katika jedwali linalohesabu kilichozuiwa, ni sufuri.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kuzembea na kutoyashughulikia mapema malalamiko yaliyofikishwa kwao. Hebu tuangalie gharama. Kuifuatilia taarifa ya mzazi anayemtafuta mwanawe kunahitaji pikipiki, mafuta, askari wawili na subira. Kufukua mamia ya makaburi kulihitaji wapasuaji wa maiti, vipimo vya vinasaba, makontena ya baridi, ulinzi wa msitu usiku na mchana, na miezi ya kazi. Na hakuna aliyefufuka. Somo lenyewe halikueleweka kikamilifu, kwani mwaka 2025 makaburi mengine yaligunduliwa Kwa Binzaro, katika eneo hilo hilo la Chakama. Wanaodai kwamba upelelezi wa kina ni anasa ya nchi tajiri na waliangalie jambo hili upya. Kilichotugharimu Kilifi ni polisi wa bei rahisi.

Mfano wa tatu hauna makaburi ya halaiki, nao ndio uliozoeleka mno hata hauwashtui wengi tena. Ni mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi. Kuanzia Kaloleni, iliyo pua na mdomo na Mariakani, hadi Ganze na Magarini, wazee wenye mvi wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma za uchawi huwa kuna ugomvi wa shamba la urithi. Hali imekuwa mbaya kiasi kwamba huko Kaya Godoma, Ganze, pametengwa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia nyumba zao. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ipo, sheria ya mauaji ipo, vituo vya polisi vipo. Ni nini kinachokosekana? Kinachokosekana ni imani. Mzee anayetishiwa huona kwamba akienda kushtaki atapoteza nauli na siku nzima, kisha jioni atarudi kulala jirani na yule yule aliyemtisha, safari hii akiwa amemkasirisha zaidi. Kwa hivyo hukimbia au hunyamaza. Kunyamaza kwake hakuandikwi popote, na daftari la kituo huonyesha kuwa eneo lina amani.

Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa kuwapima polisi kwa idadi ya makosa yaliyoripotiwa. Takwimu rasmi zinaonyesha kuwa makosa yaliyoripotiwa kwa polisi nchini Kenya yalipanda kutoka zaidi ya 88,000 mwaka 2022 hadi zaidi ya 104,000 mwaka 2023. Je, wahalifu waliongezeka, au walioongezeka ni raia wenye moyo wa kwenda kituoni? Tarakimu pekee haiwezi kutujibu. Mkuu wa kituo mwenye bidii, anayewasikiliza watu, anaweza kuonekana ameshindwa kwa kuwa ripoti zimejaa. Na mwenzake anayewafukuza walalamishi akaonekana shujaa kwa kuwa daftari lake ni jeupe. Kipimo kinachomtuza wa pili na kumwadhibu wa kwanza hakina budi kutupwa.

Vivyo hivyo, tusidanganyike kwamba dawa ni kuongeza askari tu. Mara nyingi huambiwa kuwa Umoja wa Mataifa umeagiza askari mmoja kwa kila raia 450, ilhali kiwango hicho hakimo katika kanuni za Umoja huo. Aidha, katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri nchini Marekani, kuanzia Oktoba 1972 hadi Septemba 1973, maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza doria za magari ziliondolewa na polisi wakaja walipoitwa tu; katika kundi la pili zikabaki kama kawaida; katika kundi la tatu zikaongezwa mara mbili hadi tatu. Mwaka ulipokwisha haikupatikana tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi. Matokeo haya hayamaanishi kwamba polisi hawana faida. Yanamaanisha kwamba gari linalozungukazunguka bila lengo si ulinzi, na kwamba askari mmoja aliyewekwa panapostahili, anayewajua watu na kujulikana nao, anaweza kufaa kuliko kumi walio kizuizini.

Yamkini msomaji atasema kwamba tunawaonea askari. Ni kweli kwamba wengi wao wameishi katika nyumba zisizo na staha, familia mbili zikitenganishwa na pazia. Kwamba kuna vituo vyenye gari lakini havina mafuta. Kwamba askari hutarajiwa kumpeleka mshukiwa mahakamani kwa pesa asizopewa. Jopokazi lililoongozwa na Philip Ransley mwaka 2009 lilizungumzia hali hizo, na jopokazi la David Maraga, lililokamilisha kazi yake mwaka 2023, likazikuta zingalipo. Lakini hoja hii haiipingi yetu, inaitia nguvu. Hesabu ya haki ina pande mbili, kilichotolewa na kilichopatikana. Hatuwezi kumlaumu askari kwa kutofika Kaloleni usiku kama hatujui alipewa lita ngapi za mafuta. Na hatuwezi kumtetea pia. Anayefichwa na kukosekana kwa hesabu ni mvivu, naye mwadilifu huumia kwa kuwekwa kapu moja naye.

Sheria yenyewe haina kasoro kubwa. Kifungu cha 244 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawataka polisi wazuie ufisadi, wawe wawazi na wawajibikaji, na wajenge uhusiano mwema na jamii. Bunge likatunga sheria mwaka 2011, ikiwemo ile iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka huo huo, katika sehemu ya 41, inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya kusimamia masuala ya polisi, yenye kazi ya kupendekeza malengo, kufuatilia iwapo yametimizwa, na kuiangalia bajeti ya polisi katika kaunti. Mwezi Septemba mwaka 2022 serikali ikatangaza kuuhamisha usimamizi wa pesa za polisi kutoka Ofisi ya Rais hadi kwa Inspekta Jenerali. Hatua hizi zote ni njema, lakini zote zimeishia juu. Hesabu ya Nairobi haimwambii mkazi wa Mariakani lolote kuhusu kituo cha Mariakani.

Kwa maoni yetu, mambo manne yanawezekana bila kungoja tume nyingine. Kwanza, kila kituo kibandike ukutani, kila baada ya miezi mitatu, hesabu ya ukurasa mmoja: kimepokea pesa na mafuta kiasi gani, kimepokea ripoti ngapi, ngapi zimefikishwa mahakamani, ngapi zimelala na kwa sababu gani. Pili, mamlaka ya kaunti iwaulize wananchi, wakiwemo wale wasiowahi kukanyaga kituoni, swali moja: ukidhulumiwa leo, utakwenda polisi? Jibu la swali hilo, likilinganishwa mwaka hadi mwaka, lina thamani kuliko idadi ya waliokamatwa. Tatu, rekodi za mizani zilinganishwe. Lori lililopita Mariakani likiwa halali, kisha likakutwa Athi River likiwa limezidisha uzito, halikuokota mzigo hewani. Aidha liliongezewa njiani au mizani mojawapo imesema uongo. Malori ya namna hiyo yahesabiwe na hesabu itangazwe. Nne, taarifa za vitisho dhidi ya wazee na za watoto waliopotea zihesabiwe kivyake, na kila moja ionyeshe ilichukua siku ngapi kabla ya askari kufika nyumbani kwa mlalamishi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linatuhusu sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili moja kwa moja. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, bibi wa Kaloleni anapoeleza masaibu yake kwa Kigiriama au kwa Kiswahili, kwa kawaida maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza, na fomu ya P3 anayopewa aipeleke kwa daktari ni ya Kiingereza vilevile. Anatia kidole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyahakiki. Shahidi akifika mahakamani na kusema jambo lisilolingana na lililoandikwa, kesi huanguka, na gharama yote ya upelelezi humwagika pamoja nayo. Huwezi kumtaka raia aupime utumishi ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma. Kuitafsiri fomu moja si gharama ya kumtisha waziri yeyote. Wanafunzi tunaotafuta mada za tasnifu kila mwaka tungeweza kuanza na istilahi za kituo cha polisi: za dhamana, za maelezo ya shahidi, za kitabu cha matukio. Kazi hiyo ingesomwa na watu wengi kuliko tasnifu nyingi zinazolala maktabani.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba hatuwadai polisi miujiza. Uhalifu hauwezi kwisha Mariakani wala kwingineko. Tunachodai ni hesabu inayosomeka: iseme wazi nini kilitolewa, nini kilizuiwa, nani hakusikilizwa. Malori hupimwa Mariakani usiku na mchana kwa sababu serikali inajua kwamba uzito usiopimwa huvunja barabara. Mamlaka ya askari juu ya raia nayo ni uzito, na raia ndiye anayeubeba. Ana haki ya kujua ni tani ngapi.